Taa ya Nyuma Inafifia? Angalia Athi Kwanza

Msikilizaji wa Tanga, Pangani na Mkinga, gari linalolala karibu na bahari huliwa waya na hewa ya chumvi. Umekanyaga breki, indiketa ikafifia? Usikimbilie kununua balbu. Angalia athi kwanza, ule waya uliofungwa kwenye bodi ya gari. Zima taa. Fungua skrubu yake, sugua kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi.

Taa zimezimika kabisa? Tazama fyuzi. Iliyoungua ibadilishe kwa nyingine ya kiwango kilekile. Waya uliowekwa badala ya fyuzi unaweza kuchoma gari. Tafadhali, usikubali, hata fundi akikushawishi.

Nakukumbusha: athi kwanza, balbu baadaye. Leo jioni, kabla hujashika barabara ya Segera, mwombe mwenzako asimame nyuma ya gari aangalie taa, nawe ukanyage breki.