Nchi Machoni pa Aliyeiomba

Mtu aliyezaliwa raia hukutana na nchi yake kabla hajajua kwamba kuna kitu kinachoitwa nchi, naye huipokea kama anavyoipokea lugha ya mama, bila kuchagua na bila kuulizwa, na kwa sababu hiyo humwia vigumu kueleza ni jambo gani hasa analolipenda ndani yake. Mtanzania akiulizwa aghalabu hutaja Mlima Kilimanjaro, wanyama wa Serengeti na amani, na neno hilo la mwisho limetamkwa mara nyingi kiasi kwamba wengi hulisema bila kulifikiri. Mhamiaji, yaani mtu aliyetoka kwao akaja kuishi katika nchi ya wengine, huwa na jibu jingine. Na mkimbizi, ambaye ni mhamiaji asiyeweza kurudi kwao kwa kuhofia uhai wake, huwa na jibu lililo kamili zaidi, kwa kuwa mambo ambayo mzawa huyapita kila siku bila kuyatazama ndiyo hasa aliyonyang'anywa alikotoka.

Hapa Tanzania hakuna kundi linaloweza kulifundisha taifa jambo hili vizuri zaidi kuliko Warundi waliokuja mwaka 1972. Mwezi Aprili wa mwaka huo, baada ya maasi kuzuka kusini mwa Burundi, jeshi la utawala wa Michel Micombero lililipiza kwa kuwaua watu wa kabila la Wahutu kwa makumi ya maelfu, na liliwaandama hasa waliokuwa na elimu: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Wengi walionusurika wakavuka mpaka wakaingia Tanzania walipelekwa katika makazi matatu yaliyofunguliwa katika misitu ya miombo, nayo ni Ulyankulu mkoani Tabora, pamoja na Katumba na Mishamo katika eneo la Mpanda, ambalo leo limo katika Mkoa wa Katavi. Makazi hutofautiana na kambi kwa kuwa katika kambi mkimbizi huishi kwa mgao wa chakula, ilhali katika makazi hugawiwa ardhi na kutakiwa ajilishe mwenyewe. Na watu hao walifyeka pori, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, na haikupita miaka mingi mavuno yao yakawa yanauzwa nje ya mipaka ya makazi. Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walikuwa wakizungumzia jambo la kweli kabisa, ingawa methali hiyo hutajwa zaidi kwenye sherehe kuliko kwenye mijadala ya ardhi na kodi.

Yafaa kuyatazama yale waliyoyakuta. La kwanza ni shule. Mzazi aliyetoka mahali ambapo kujua kusoma kulitosha kumfanya mtu asakwe na askari alifika katika nchi ambayo miaka miwili tu baadaye, kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974, ilijitwika wajibu wa kumfikisha kila mtoto katika shule ya msingi. Mzawa humwona mtoto mwenye sare na daftari akienda shule asubuhi, na macho yake hayasimami hapo, maana anachokiona ni utaratibu wa kawaida wenye upungufu wake wa madawati na walimu, na malalamiko yake juu ya upungufu huo ni ya haki. Lakini kwa mtu aliyeacha nyuma walimu waliokufa, mtoto huyohuyo akipita na daftari lake hadharani, bila kulificha, ni uthibitisho kwamba kuna serikali duniani isiyoiogopa akili ya raia wake.

La pili ni kabila, na hapa pana utajiri ambao Watanzania wenyewe huuchukulia kwa wepesi mno. Sensa ya mwisho kuwauliza wananchi makabila yao ilikuwa ile ya mwaka 1967, na kitambulisho cha taifa hakina nafasi ya kuandika kabila, wakati katika nchi jirani ya Rwanda kitambulisho kilichotaja kabila la mwenyewe kilitumika mwaka 1994 kuamua nani apite kizuizini na nani auawe palepale. Sambamba na hilo upo utani, yaani desturi inayoyaruhusu makabila fulani kutaniana kwa maneno makali, kudaiana na hata kufanyiana vituko msibani bila mtu kukasirika, kama ilivyo kati ya Wangoni na wale waliopigana nao zamani. Mtanzania huulizwa kabila lake ili atafutiwe utani, akajibu huku akicheka, na wala hafikirii kwamba hatua chache kuvuka mpaka swali hilohilo liliwahi kuwa hukumu ya kifo. Anayeweza kulipima jambo hilo kwa usahihi ni yule aliyewahi kuulizwa swali hilo na mtu mwenye bunduki.

Mtaalamu wa anthropolojia, yaani elimu ya watu na mila zao, Liisa Malkki, ambaye alifanya utafiti miongoni mwa wakimbizi hao katika miaka ya 1980, alibainisha tofauti kubwa kati ya waliokuwa Mishamo na waliokuwa mjini Kigoma: wa Mishamo, waliotengwa na wenyeji, waliendelea kujiona kuwa taifa lililo uhamishoni, ilhali wa Kigoma walichanganyika na watu, wakaoana nao, wakafanya biashara nao, na ule Urundi wao ukapungua uzito. Matokeo hayo yana fundisho kwa mwenyeji zaidi kuliko kwa mgeni, kwa kuwa yanaonyesha kwamba Utanzania haukuenea kwa amri. Ulienea sokoni, msikitini, kanisani na kwenye baraza za nyumba, ukibebwa na Kiswahili, lugha ambayo mgeni angeweza kujifunza bila kuonekana amejiunga na kabila la mtu yeyote.

Katika visa vya wakimbizi waliokuja Tanzania, kisa cha Wazigua wa Somalia ni kigumu kuliko vyote kukisikiliza kwa moyo mtulivu. Mababu zao walichukuliwa kutoka nyanda za Handeni na Pangani katika karne ya 19, wakati wa njaa na biashara ya utumwa, wakavushwa baharini hadi Somalia, ambako baadhi walitoroka mabwana zao na kuanzisha vijiji kando ya Mto Juba. Vita vilipoisambaratisha Somalia mwaka 1991, maelfu ya wajukuu wao walikimbia tena, na baadhi yao wakaja Tanga wakizungumza Kizigua ambacho wazee wa Handeni walikielewa. Baadaye walitengewa makazi ya Chogo, katika Handeni ileile walikotolewa mababu zao, na wengi wakapewa uraia. Mzigua aliyezaliwa Handeni huenda hajawahi kuiona ardhi yake kuwa zawadi, lakini wapo watu walioihifadhi kwa maneno ya mdomo kwa zaidi ya miaka 100 pasipo hata mmoja wao kuikanyaga.

Haitakuwa haki kuyasema haya kama kwamba nchi imetenda mema peke yake. Ni kweli kwamba Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 30,000 mwaka 1980, na kwamba Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, tuzo ya kimataifa ya utumishi kwa wakimbizi, mwaka 1983. Hata hivyo, Warundi wa 1972 waliishi kwa miongo kadhaa wakihitaji kibali ili watoke nje ya makazi yao. Mwaka 2007 walipewa nafasi ya kuchagua kati ya kurudi Burundi na kuomba uraia wa tajinisi, yaani uraia anaopewa mtu aliyekuwa wa nchi nyingine baada ya kutimiza masharti na kuukana uraia wake wa awali, na takriban wanne kati ya kila watano walichagua kubaki. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikubaliwa, lakini vyeti vilicheleweshwa, kwa kuwa ilitakiwa kwanza wayahame mashamba waliyoyafyeka na kutawanywa katika mikoa mingine, mpango ambao hatimaye uliachwa. Na vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Katika miaka hiyo minne watu hao hawakuwa Warundi tena na hawakuwa bado na cheti cha Utanzania, na doa hilo halistahili kufunikwa na sifa za ukarimu.

Kwa hiyo anayetaka kuithamini Tanzania kwa macho ya wahamiaji anapaswa kuanza na tendo dogo lililo ndani ya uwezo wake, nalo ni kuacha kumwita mkimbizi mtu mwenye cheti cha uraia mkononi, awe shuleni, ofisini kwa mtendaji wa kijiji au kwenye foleni ya zahanati. Tarehe 25 Oktoba 2015 ilikuwa Jumapili ya uchaguzi mkuu, na wapo wazawa wengi waliojiandikisha wasiende kupiga kura. Katika Katumba, Mishamo na Ulyankulu, raia hao wapya walipiga kura kwa mara ya kwanza, miaka 43 baada ya kuvuka mpaka.