PLOTI KANDO YA RELI: TUTAZAME KABLA YA KULIPA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na watu wa genge letu)



Sisi si watu wa hotuba. Sisi ni watu wa genge, kazi yetu ni mataruma na kokoto. Lakini mwezi huu habari ni moja katika kila kambi, ya kwamba kuna ploti zauzwa kando ya reli, na atakayenunua leo ataona bei ikipanda maradufu. Baadhi yenu mmekwisha kuomba mkopo katika chama cha akiba. Mzee mmoja ataka kutoa pesa zote za kustaafu kwake. Kwa hiyo tumeona yafaa tuseme yale tunayoyajua.

Ni kweli reli huleta bei. Nairobi yenyewe ni mtoto wa reli. Kabla ya reli kufika mwaka 1899 palikuwa kinamasi, mahali pa Wamasai kunyweshea ng'ombe. Na sote tumeona Syokimau. Stesheni ilifunguliwa Novemba 2012, na mwaka 2017 reli mpya ya kutoka Mombasa ikaja kuishia karibu na hapo. Leo pamejaa nyumba za ghorofa.

Lakini tazameni vizuri, ndugu. Bei ile yatoka katika stesheni, haitoki katika reli. Treni ikipita bila kusimama haikuachii hata senti. Yakuachia honi saa nane za usiku, maana dereva akikaribia njia panda ya magari lazima apige honi, hata kama mtoto wako amelala. Na reli mpya ina shida yake: mahali pengi imepandishwa juu ya tuta na kuzungushiwa ua. Waweza kuiona treni ukiwa mlangoni pako, nawe usiweze kuifikia mpaka uzunguke mbali kutafuta njia ya kupita chini.

Basi siku ya kwenda kuona ploti usikubali kuchukuliwa kwa gari la muuzaji. Shuka stesheni, tembea kwa miguu mpaka kwenye ploti, na utazame saa yako. Kisha rudi tena siku mvua imenyesha. Sisi wa genge twayajua maji. Tuta huyazuia, na yote hukimbilia kwenye kalvati moja. Mwenye nyumba mbele ya mdomo wa kalvati hana haja ya kisima.

Sasa twafika kwenye jambo lililotuuma. Mwenzetu wa genge hili alinunua ploti kwa nusu ya bei ya jirani. Hakuuliza kwa nini ni rahisi hivyo. Ukuta ulipofika kwenye linta wapimaji walikuja, wakachimba, wakalikuta jiwe la mpaka wa reli ndani ya jiko lake. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa amefyeka nyasi katika ardhi ya reli miaka minane. Na sisi je? Sote tulikwenda kunywa chai katika ploti ile, wala hakuna aliyefungua mdomo. Leo akatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya nyumba isiyokuwako.

Ardhi ya reli ya zamani kwa desturi ni kama futi 100 kila upande wa njia, na penye stesheni huwa pana zaidi. Msidanganywe na nyasi. Reli ya Nanyuki, iliyofika huko mwaka 1930, ilikaa miaka mingi bila treni mpaka watu wakajenga vibanda juu yake na kupanda mahindi. Ilipofufuliwa mwaka 2020, waliokuwa katika ardhi ya reli waliambiwa waondoke. Reli iliyolala ina mwenyewe.

Na karatasi peke yake haitoshi. Huko huko Syokimau, mwezi wa Novemba 2011, nyumba nyingi zilibomolewa kwa kuwa ilisemekana ni ardhi ya kiwanja cha ndege, na wenye nyumba walikuwa na karatasi mikononi. Kwa hiyo nendeni ofisi ya ardhi wenyewe mkaangalie jina lililo katika daftari. Kisha mtafuteni mpimaji mtakayemlipa ninyi. Mpimaji wa muuzaji ni mtu wa muuzaji.

Juu ya bei, shauri letu ni hili. Kama stesheni imefunguliwa na treni ya abiria yasimama hapo kila siku, lipa bei ya hapo. Kama stesheni iko katika maneno tu, lipa bei ya shamba lisilo na treni, na kama muuzaji hataki, mwache. Watu waliongoja treni Nanyuki walizeeka wakingoja. Pesa za kustaafu huja mara moja tu.

Jumamosi hii baada ya mkutano tutakwenda kwenye ploti hizo kwa miguu kutoka stesheni, pamoja na wazee wawili wa genge wanaojua mawe yalipo. Mwenye karatasi ya ploti yake aje nayo. Na yule mzee twamwomba asitie sahihi kabla ya siku hiyo.