Utando Mwembamba Chini ya Jua la Nyambene



Hakuna mkulima wa hapa Maua, kwenye milima ya Nyambene, asiyejua kwamba miraa haipimwi thamani ikiwa mtini. Huchumwa, hufungwa kwa majani mabichi ya mgomba, na magari huteremka nayo mbio kuelekea Nairobi, kwa kuwa nguvu iliyomo ni amana ya muda mfupi: upepo ukiipiga na jua likiikausha, siku mbili tatu hazipiti ila imekwisha kudhoofika, ikabaki ile ile kwa jina, lakini si ile ile kwa tabia. Nimeanza na jambo mlijualo kuliko mimi kwa sababu mada yangu, ambayo ni athari za mazingira juu ya tabia za umeme za tando nyembamba za nusukipitishi, ni ndugu ya jambo hilo. Na neno langu ni moja, kwamba thamani ya utando haijulikani siku ulipoundwa wala siku uliponunuliwa, bali hujulikana pale unapoishi, baada ya jua na mvua ya mahali hapo kuujaribu.

Shaba hupitisha umeme kwa wepesi, na kioo huukataa. Baina yao imo silikoni, nusukipitishi ambayo elektroni zake hukaa zimefungwa mpaka joto au nuru izifungue. Ndiyo maana shaba ikipata moto ukinzani wake huzidi, ilhali ukinzani wa nusukipitishi safi hupungua. Maada hiyo ikitandazwa juu ya kioo kwa unene usiofika sehemu moja ya mia ya unywele, hapo tena haina kina cha kujifichia: karibu yote ni uso, na kila kinachougusa uso huo, kiwe ni hewa, unyevu, joto au nuru, hufika moyoni mwake.

Mwaka 1976, David Carlson na Christopher Wronski, katika maabara ya kampuni ya RCA huko Marekani, walitangaza seli ya jua iliyofanywa kwa utando wa silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele, ambayo vifungo vyake vilivyokatika hutulizwa kwa haidrojeni. Mwaka uliofuata Wronski na mwenzake David Staebler wakaona ajabu: utando huo ukiangazwa kwa saa kadhaa, uwezo wake wa kupitisha umeme hushuka sana, na ukipashwa joto lipitalo nyuzi 150 za selsiasi, hurudia hali yake ya awali. Jua lile lile lililokusudiwa kuwa riziki ya utando ndilo linalouzidishia kasoro zinazonasa elektroni, mpaka baada ya miezi michache udhoofu huo ufikie kituo na utando utulie.

Umeme wa jua haukubaki katika maabara za mbali. Mwaka 1984, katika shule ya harambee ya Karamugi, upande huu wetu wa mashariki wa Mlima Kenya, mwalimu Mark Hankins na mhandisi Harold Burris waliwasha taa kwa umeme wa jua, na mafundi wakafundishwa. Na katika miaka ya 1990 familia nyingi za mashambani nchini Kenya, zisizo na nguzo ya umeme karibu, zilinunua kwa fedha zao wenyewe paneli ndogo za sola za wati 10 hadi 14, nyingi zikiwa za utando huu. Lakini paneli iliyotoa wati 12 siku ya kwanza, ikipoteza sehemu moja ya tano kwa udhoofu ule uletwao na jua, hubaki na wati 9.6. Basi muuzaji akiandika nyuma ya kioo nguvu ya siku ya kwanza, mnunuzi amelipia kitu kitakachotoweka. Majaribio yaliyofanywa mwaka 1999 yalionyesha kwamba paneli nyingi za utando zilitoa kiasi cha kuridhisha, ila aina moja ilikuwa chini mno ya iliyoandikwa, wala mnunuzi hakuwa na njia ya kuzitenga kwa macho.

Tusiudhulumu utando kwa sababu hiyo. Paneli hupimwa kiwandani kwa nyuzi 25, lakini juu ya bati, adhuhuri, kuelekea mbuga ya Meru, joto lake hupita 55. Na kwa kila nyuzi moja inayozidi, silikoni ya fuwele hupoteza karibu nusu ya asilimia, ilhali utando hupoteza kama nusu ya hasara hiyo. Adui wake mkubwa ni unyevu upenyao ukingoni katika masika na vuli, ukala tabaka la kupitishia umeme. Kwa hiyo kioo na gundi ya pembeni ni jani lake la mgomba.

Tena wepesi huo wa kuathirika, ulio aibu kwa paneli, ni sifa kwa chombo kingine. Utando wa oksidi ya bati, ukipashwa moto, hunaswa elektroni zake na oksijeni ya hewani, ukinzani ukapanda. Ikija kaboni monoksidi, ile isiyo na harufu itokayo katika jiko la makaa lililofungiwa ndani usiku wa baridi, oksijeni huondolewa, elektroni hurudi, ukinzani hushuka na kengele hulia. Kilichokuwa udhaifu kimekuwa mlinzi wa watoto waliolala.

Basi, walimu wenzangu, nawaomba jambo lisilohitaji maabara ya fahari: paneli moja, mita moja ya umeme, kipimajoto kimoja na daftari. Wanafunzi wapime adhuhuri ya siku isiyo na wingu, mwezi baada ya mwezi, waandike volteji, mkondo na joto, kiangazi na mvua. Mzee wa hapa hanunui miraa kabla ya kuifungua na kuitazama. Mjukuu wake naye na asinunue nuru kwa kuamini maandishi, maadamu anaweza kuipima.