Kisanduku cha Taa cha Kuchorea Vitambaa
Maelezo ya kikundi cha kudarizi, yaliyosomwa mbele ya wanaumoja siku ya harambee

Tunawaletea salamu kutoka Lushoto. Tuliondoka juzi alfajiri na ukungu, tukapita Soni na ukungu, tukauacha pale juu ya Mombo kama kawaida yake, na tangu tushuke kwenye basi tunavuja jasho.

Mwaka jana mlituchangia, na Mweka Hazina ametutaka tueleze fedha ile ilifanya nini. Tunajua pia kuwa kumekuwa na minong'ono. Inasemekana kina mama waliomba fedha za mradi, kisha wakaenda kununua kioo cha dirisha. Ni kweli, tulinunua kioo cha dirisha, na tumekuja nacho. Kiko pale kwenye meza ya nyuma, kimefunikwa kanga.

Wengi wenu mna shuka letu moja nyumbani, au mlimpelekea bibi harusi foronya zetu. Mnaona maua na nyuzi. Lakini kabla sindano haijagusa kitambaa, lazima ua lichorwe juu yake, na hapo ndipo kazi yetu ilipokuwa inaharibikia. Tulikuwa na njia tatu za kuchora. Ya kwanza ni mkono mtupu, na wenye mkono huo kwetu ni wawili tu. Ya pili ni karatasi ya kaboni, ambayo huteleza, na rangi yake ya bluu ikishaingia kwenye poplini nyeupe utafua hadi kitambaa kichoke. Ya tatu ni dirisha: unabandika mchoro kwenye kioo, unaweka kitambaa juu yake, jua la nje linapenya na unafuata mistari kwa penseli. Hiyo ndiyo tuliyoitegemea. Tulikuwa tukisimama foleni kwenye dirisha moja la darasa baada ya wanafunzi kuondoka, mikono juu kama watu waliokamatwa, hadi mabega yanakufa ganzi.

Sasa ninyi mliozaliwa kule hamhitaji kuambiwa mwezi wa sita ukoje. Kuanzia mwezi huo hadi wa nane kuna siku ukungu hauondoki mpaka saa saba mchana, na ukiondoka unarudi saa kumi. Dirisha linakuwa jeupe lote, lakini halina nguvu ya kupenya karatasi na kitambaa kwa pamoja.

Mwezi wa sita mwaka juzi tulipata oda ya harusi, seti nne za sita kwa sita, yaani mashuka manane na foronya nane. Mteja alitaka foronya za kila seti zitazamane, tawi la kushoto liiname kulia na la kulia liiname kushoto. Ukungu ulikaa zaidi ya wiki. Siku zilipoanza kutuishia tuliamua kuchora usiku. Tuliegemeza kioo cha picha kwenye viti viwili, mtoto akakaa chini akishika tochi. Mtoto alisinzia. Tochi ilipoinama mistari ilihama, na sisi macho yetu hayakuona. Tukadarizi vyote, na tukavipiga pasi.

Mteja alipovitandaza aliona kwa mara moja. Seti mbili zilikuwa sawa. Kwenye seti ya tatu matawi yote mawili yalitazama upande mmoja. Kwenye ya nne, ua la foronya moja lilikuwa limepanda kuliko mwenzake kwa upana wa vidole viwili. Alichukua mbili na kuacha mbili. Hatumlaumu, hata sisi tusingempelekea bibi harusi vitu vile. Lakini kitambaa na nyuzi tulikuwa tumenunua kwa fedha ya wenzetu wawili, na mmoja wao alikuwa ametoa fedha aliyomwekea binti yake ya kulipia bweni. Yule binti alikaa nyumbani karibu mwezi mzima mpaka tulipochangishana. Hilo hatukuliandika kwenye barua ya maombi mwaka jana kwa sababu tuliona aibu.

Ndiyo sababu fedha yenu ilipofika hatukuanza na cherehani jipya, ingawa ndilo wengi mlilolitarajia. Cherehani lisingetuchorea ua.

Fundi seremala wa kwetu, kijana aliyejifunzia kazi Tanga, alitutengenezea kisanduku cha kwanza kwa mabaki ya mbao. Juu tuliweka kipande cha plastiki ngumu tuliyoikuta dukani, ndani tukafunga balbu ya zamani, ile ya waya ndani, ya wati 60. Mwanga ulikuwa mzuri sana na tulifurahi kwa muda wa kama nusu saa. Balbu ya aina ile, sehemu kubwa ya umeme wake inageuka joto, na sisi tulikuwa tumeifungia ndani ya boksi lisilo na tundu hata moja. Plastiki ikaanza kubonyea katikati kama ngozi ya ngoma iliyolegea. Foronya iliyokuwa juu yake ikapata doa la kahawia la ukubwa wa sahani ya chai. Tumeihifadhi, nayo iko pale mezani. Tunawaonyesha wasichana wapya kabla hawajagusa waya wowote.

Kisanduku cha pili ndicho mtakachokiona. Tutaeleza kidogo jinsi kilivyotengenezwa, maana kuna wanaumoja wengine waliotuambia wanataka kuwatengenezea mama zao.

Boksi lina urefu wa sentimita 60, upana wa 45 na kina cha 12. Ndani limepakwa rangi nyeupe mara mbili, hata sakafu yake, ili mwanga usinywewe na mbao. Kwenye kingo za ndani fundi amepigilia vipande vyembamba vya mbao vya kukalia kioo, ili kioo kiwe sawasawa na ukingo na kitambaa kisikwame. Kioo ni cha unene wa milimita 5. Tuliomba kukatiwa na fundi madirisha, kisha tukasugua kingo zake kwa msasa laini na maji mpaka kidole kinapita bila kukwaruzwa. Msiruke hatua hiyo. Chini ya kioo tumebandika karatasi nyembamba nyeupe, kwa sababu kioo kitupu kinakuonyesha taa yenyewe na kukuumiza macho. Kioo cha madirisha ya bafuni, kile kisichoonyesha mtu, nacho kinafaa ikiwa upande wake laini utakuwa juu.

Taa ni ule utepe wa LED wanaopamba nao saluni na bajaji, mweupe, wa volti 12. Tumetumia mita 3, umelala kwenye sakafu ya boksi kwa mistari mitano. Utepe wetu una taa ndogo 60 kila mita, na hukatwa kwenye alama tu, kila baada ya taa tatu. Ukikata pengine popote, kipande hicho hakiwaki. Aina hii inakula kama wati 5 kwa mita, kwa hiyo boksi zima halifiki wati 15. Pia hapa kina cha boksi kina kazi yake. Tulijaribu boksi la sentimita 5 tukaona vitone vya taa kama nyota, na jicho likawa linafuata vitone badala ya mchoro. Kwa sentimita 12 vinayeyuka vyote na kioo kinakuwa cheupe sawasawa. Pembeni kuna matundu mawili ya hewa. LED haina joto la balbu ile, lakini doa la foronya limetufundisha adabu. Nyuma kuna miguu miwili mifupi ya kuliinamisha, ili mtu achore akiwa amekaa kitini.

Kwa kuwa ni volti 12, umeme ukikatika tunaunganisha kwenye betri ndogo ya sola, ya saa-ampea 7, na tunachora saa nne bila wasiwasi. Umeme wa kwetu mnaujua.

Gharama yake yote haikufika bei ya mifuko mitatu ya saruji. Tunataja saruji kwa sababu ndiyo lugha ya mikutano hii. Kwa fedha mliyotupa tumetengeneza visanduku vinne, tukanunua kitambaa na nyuzi za kuanzia, na chenji iko kwenye taarifa ya Mweka Hazina, ukurasa wa mahesabu.

Kilichotushangaza ni zile foronya za kutazamana. Kwa kaboni ilikuwa lazima kuchora ua upya kwa kinyume, na ndipo tulipokuwa tukikosea. Kwenye kisanduku unachora la kushoto, halafu unageuza karatasi, mgongo juu. Mwanga unapita vilevile, na ua la kulia limeshapatikana. Tangu tuanze kukitumia hatujarudishiwa hata foronya moja kwa kosa la mchoro. Tumerudishiwa moja kwa kosa la rangi, na hiyo ni hadithi nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo hatukulitarajia. Mwenzetu mmoja wa wale waanzilishi alifariki na kutuachia michoro yake. Aliichora kwenye karatasi za mifuko ya saruji na za unga, nyingine miaka mingi kabla ya wasichana wetu kuzaliwa: majani ya migomba, matawi ya mipea, maboga, na ndege mmoja ambaye hakuna aliyejua ni ndege gani na yeye hakutaka kusema. Zimekunjwa hadi zinakatika kwenye mikunjo. Tulikuwa tunaogopa hata kuzifungua. Karatasi ya saruji ni nene, kwa hiyo mwanzoni hata kisanduku hakikuipenya. Tulichofanya ni kuikoleza mistari kwa kalamu nyeusi ya wino mzito, kuzima taa ya chumba, kisha kunakili kwenye karatasi nyembamba. Michoro 31 imeshanakiliwa, na nakala tumeziweka sehemu mbili tofauti. Bado ni kama nusu.

Si kila kitu kimenyooka, nasi tusiwafiche. Kisanduku hakisaidii kitu kwenye kitambaa cheusi wala kitenge kizito. Huko tunaendelea na kipande cha sabuni iliyochongoka. Na wasichana wameanza uvivu. Wakiona mwanga unawafanyia kazi, hawataki tena kujaribu mkono mtupu, na mmoja alileta ua alilolinakili kwenye pakiti ya sabuni ya unga akasema ni mtindo mpya. Tulibishana humo ndani siku mbili. Tumekubaliana kuwa kila Jumatano taa haiwashwi na kila mtu anachora kwa macho yake. Wengine hawaji Jumatano.

Kuna ndugu yetu mmoja aliyeko nje aliyetuletea kibao cha kisasa cha kazi hii, chembamba kama sinia. Tunamshukuru na tunakitumia, kinatosha foronya. Lakini kwa kona ya shuka ni kidogo, na waya wake ulipokatika kwenye shina hakuna fundi aliyejua pa kuanzia. Kisanduku chetu kikiharibika, yule kijana seremala anafungua skrubu nne. Kwa hiyo mkitaka kutusaidia, msitununulie vya dukani.

Tunataka visanduku sita zaidi, viwili kati yake virefu kuliko hivi, vya sentimita 90, ili kona nzima ya shuka ikae bila kusogezwa. Wasichana waliojiandikisha ni 14 na wanapokezana visanduku vinne. Mbao tunazo. Tunachohitaji ni kioo, utepe wa taa na vitu vya kuushia umeme, na hivi vya mwisho vingine vimo majumbani mwenu bila kazi. Ving'amuzi vilivyokufa vina adapta nzima. Tazama maandishi yake: ikiandikwa volti 12, na ampea 1.5 au zaidi, ndiyo yenyewe. Ikiandikwa volti 9 au 19, tafadhali baki nayo. Mwenye vioo vya dirisha vya zamani visivyo na ufa, vya milimita 5, tunavipokea. Vya milimita 3 hapana, mtu akiegemeza kiwiko vinapasuka.

Kwa watakaotoa fedha, bahasha zimo katikati ya kijitabu hiki. Andikeni juu yake "kudarizi", maana mwaka jana mbili zilikwenda kwenye mfuko wa barabara na ilibidi tuzifuate.

Kisanduku tumekiwasha. Pale mezani kuna karatasi, kitambaa na penseli, na ndege wa marehemu ameshabandikwa kwenye kioo. Njooni mmoja mmoja mjaribu kumchora kabla chakula hakijaletwa. Mwenye kumjua ni ndege gani atuambie. Basi letu linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo mwenye adapta au kioo atufikishie usiku huu.