Viatu Kumi vya Bomba
(Hotuba kwa wanafunzi, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi yangu. Mimi hupiga hesabu za mabomba ya mvuke viwandani. Nitawasimulia jambo moja tu, tena ni kosa langu.

Hapa shuleni tulivuta kipande cha mbao juu ya meza kwa mizani ya springi. Mtihani ulipokuja tukaandikiwa, "Chukulia kuwa hakuna msuguano." Niliizoea mno sentensi hiyo.

Katika kiwanda kimoja nilipewa bomba la mita 60. Likiwa baridi lina nyuzi 30 za Sentigredi. Likipata mvuke, 230. Chuma hurefuka kama milimita 1.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi 100, basi lile lingerefuka sentimita 14 na zaidi. Ncha moja niliifunga kwenye nguzo ya zege, upande wa pili nikaweka kona ya kujikunja. Kuikunja kulihitaji nguvu ya tani 1. Nikajenga nguzo ya kuhimili tani 1 na nusu, nikalala usingizi.

Nilisahau viatu 10 vya chuma ambavyo bomba liliteleza navyo juu ya mihimili. Kila kimoja kilibeba kilo 600. Chuma juu ya chuma, msuguano ni kama sehemu 3 katika 10 za uzito: kilo 180 kila kiatu, tani 1.8 vyote pamoja. Nguzo ikasukumwa kwa tani 2.8. Bomba lilipopoa msuguano uligeuka, nguzo ikavutwa. Majuma machache, zege likapasuka mahali ambapo fundi mmoja hupita kila asubuhi na ndoo yake. Namshukuru Mungu hakuwapo.

Mtaniuliza: si tuuweke msuguano katika kila hesabu? Haitoshi. Karibu na pampu, msuguano wa kwenye karatasi huweza kulizuia bomba lisiisukume pampu, ukadhani iko salama. Mtikisiko ukija, kinga hiyo haipo. Kwa hiyo twapiga hesabu mara mbili, pamoja na msuguano na bila msuguano, tukachukua jibu baya zaidi. Hata kompyuta huhangaika: haijui msuguano uelekee wapi mpaka ijue bomba linakwenda wapi, na mwendo wa bomba nao wategemea msuguano. Hurudia-rudia mpaka majibu yatulie.

Tuliijenga nguzo upya, tukaweka Teflon chini ya viatu, iteleze juu ya bamba la chuma lililong'arishwa. Msuguano ukashuka hadi sehemu 1 katika 10 hivi, mradi mchanga usiingie. Yule fundi wa ndoo akaongezewa ufagio.