Fukusi Humfungulia Mwenziwe Mlango

Somo: Waefeso 4:26–27



Hapa Keringet mahindi hukaa shambani miezi mingi kwa sababu ya baridi, na mama wa nyumbani ajua thamani ya kila debe. Basi yatupasa kuwajua hao waingiao ghalani bila kubisha hodi.

Wa kwanza ni fukusi. Mara nyingi huanza huko huko shambani kabla ya mavuno. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani yake, kisha huziba tundu kwa ute wake. Ukiitazama punje hiyo waiona nzima, kumbe ndani mna funza alaye kimya. Baridi yetu humchelewesha, haimzuii.

Wa pili ni yule mdudu mwekundu wa unga. Punje nzima iliyo kavu humshinda. Lakini fukusi akishatoboa na unga ukamwagika, naye huja kula na kuzaana. Wakizidi, huleta joto na unyevu ghalani, na ukungu huota. Ukungu mwingine una sumu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya.

Ndugu zangu, Mtume Paulo awaonya Waefeso wasilale na hasira, maana hivyo ndivyo adui apatavyo pa kuingilia. Sisi wa Kuresoi na Molo twalijua jambo hili. Twakumbuka mwaka 1992, na tena siku zile baada ya uchaguzi wa Desemba 2007: nyumba zilichomwa, majirani wakakimbiana. Twawalaumu wachochezi, na ni haki kuwalaumu. Lakini mchochezi ni kama mdudu wa unga. Moyo mzima humshinda. Alikuta mioyo iliyokwisha kutobolewa na neno la dharau juu ya jirani, lililosemwa jikoni watoto wakisikia, kisha likazibwa kwa tabasamu la Jumapili.

Tena, kuchekecha peke yake hakutoshi. Chekeche huondoa wadudu wanaoonekana. Aliye ndani ya punje hubaki. Mikutano ya amani ni mizuri, nasi tuiendee. Lakini afikaye ndani ya punje ni Roho wa Mungu, tukimruhusu.

Mkulima mwenye busara hufagia ghala na kuondoa masalio ya mwaka jana kabla ya kuingiza mavuno mapya. Nawe je, umeweka nini moyoni tangu mwaka ule? Nenda leo kwa jirani yako, hata kama lugha zenu za nyumbani ni mbalimbali. Zungumzeni. Na jioni watoto wakiwa karibu na moto, mtaje jirani huyo kwa wema.

Tuombe. Ee Bwana, wewe waona ndani ya punje. Tuonyeshe tundu tulilolificha, ututakase, utulindie watoto wetu. Kwa jina la Yesu. Amina.