Siku 103 za Rais Ndadaye

Safari ya kisiasa ya Melchior Ndadaye ni funzo kwa kila ashikaye silaha. Aliporejea Burundi kutoka uhamishoni Rwanda, alishiriki kuasisi chama cha FRODEBU. Tarehe 1 Juni 1993 wananchi walimchagua kuwa Rais, akimshinda Pierre Buyoya. Naye akamteua Sylvie Kinigi, wa chama cha UPRONA kilichoshindwa, kuwa Waziri Mkuu. Tarehe 21 Oktoba, siku 103 baada ya kuapishwa, aliuawa na askari wa jeshi lililopaswa kumlinda. Mauaji yakaenea nchini, Gitega na Muyinga zisisalimike, na vita vikafuata kwa zaidi ya miaka kumi.

Askari na polisi hawana budi kukumbuka: kura ya mkulima wa Gishubi, ikisha kupigwa, ni amana mikononi mwao.